Bunduki Iliyotupwa Baharini

Vijana wetu wengi siku hizi hupenda hadithi na michezo ya kubuni, yenye mashujaa wa panga, wachawi na farasi warukao angani. Kati ya watungaji na wachezaji wake upo ubishi usiokwisha: je, katika nchi hizo za ndoto yafaa bunduki iwemo? Wengine husema ya kuwa risasi moja huua utamu wote, maana shujaa aliyejizoeza miaka mingi huangushwa na mtu asiyejizoeza hata siku moja. Ubishi huo una umri wa karibu miaka 500, na aliyeutia katika utenzi mkubwa alikuwa mtumishi wa nyumba iliyosifika kwa mizinga. Basi leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Ludovico Ariosto.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1474 mjini Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia, ambako baba yake alikuwa mkuu wa ngome. Alikuwa kifungua mimba katika watoto 10. Baba alimtaka awe mwanasheria, naye akakaa miaka mitano katika masomo hayo pasipo kuyapenda, ndipo akaruhusiwa kufuata Kilatini na ushairi. Lakini mwaka 1500 baba alifariki, na mzigo wa jamaa nzima ukamwangukia yeye. Mshairi naye hana budi kula, na wadogo zake vilevile. Hivyo mwaka 1503 aliingia katika utumishi wa Kardinali Ippolito d'Este, ambaye kaka yake Alfonso alishika utawala wa Ferrara mwaka 1505.

Alfonso huyo alipenda sana kazi ya kuyeyusha shaba na kufanya mizinga. Mwishoni mwa mwaka 1511 watu wa Bologna walipoivunja sanamu ya shaba ya Papa Julius II, kazi ya mikono ya Michelangelo, Alfonso aliichukua shaba ile akafanyiza mzinga, akauita Giulia kwa kumdhihaki Papa, aliyekuwa adui yake vitani. Tarehe 11 Aprili 1512, siku yenyewe ya Pasaka, mizinga yake ilinguruma karibu na Ravenna, na maelfu ya watu wakafa. Ariosto naye alikuwa ametumwa Roma mara kwa mara kuituliza hasira ya Papa, akarudi na vitisho. Habari za vita, basi, hakuzisoma vitabuni tu. Maombolezo ya Ravenna aliyatia ndani ya utenzi wake.

Utenzi huo, Orlando Furioso, ulipigwa chapa Ferrara mwaka 1516. Ni habari za mashujaa wa mfalme Karolo Mkuu: Orlando arukwaye na akili kwa ajili ya mapenzi, na Astolfo apandaye hata mwezini kumletea akili zake. Mwaka uliofuata Kardinali alitaka kwenda naye Hungaria. Ariosto akakataa, akapoteza upendeleo wake. Mwaka 1518 alihamia kwa Alfonso, naye akampeleka kuitawala Garfagnana, nchi ya milima iliyojaa wanyang'anyi, tangu 1522 hata 1525. Aliporudi alinunua nyumba ndogo yenye bustani mjini Ferrara, akautengeneza upya utenzi wake. Chapa ya mwisho, ya mwaka 1532, ilikuwa na nyimbo 46 badala ya 40. Na katika nyongeza hizo imo habari ya bunduki.

Cimosco, mfalme wa Frisia, ana silaha ambayo hakuna mwingine aijuaye: bomba la chuma, litiwalo baruti na risasi. Kwa silaha hiyo amewaua baba na ndugu wawili wa binti mmoja wa Uholanzi, Olimpia, aliyekataa kuolewa na mwana wa mfalme huyo. Orlando amjia, Cimosco alenga, akaua farasi tu, Orlando amfuata kwa miguu, akamwua kwa upanga. Katika nyara zote hataki kitu ila silaha ile. Aichukua mpaka kilindini, akaitupa, ili mwoga asipate tena kujifanya sawa na shujaa.

Hapa yafaa tuangalie jambo moja. Katika utenzi uo huo, shujaa mwingine, Ruggiero, ana ngao ya uchawi ipofushayo macho ya adui. Aona haya kushinda kwa njia hiyo, akaitupa kisimani. Watu wengi huitafuta, wasiione kamwe. Lakini bunduki ya Orlando haikubaki chini ya maji. Baada ya miaka mingi yatolewa kwa uchawi, yafika kwanza Ujerumani, na toka huko yaenea duniani kote. Ngao ni kitu cha ndoto, ndiyo maana mshairi aliweza kuipoteza. Bunduki ilikuwa mlangoni pa bwana wake, wala hakuweza kusema uongo juu yake.

Je, alikuwa mnafiki, kuilaani baruti huku akila mkate wa mfanya mizinga, na kuusifu ukoo wake katika utenzi uo huo? Sisi hatuthubutu kumhukumu upesi. Alikuwa na ndugu wa kulisha, wala hakuwa na bwana mwingine. Hata hivyo alisubiri miaka 16 baada ya chapa ya kwanza, ndipo akaliandika neno hilo, na kulichapisha mjini mwa Alfonso mwenyewe, Alfonso angali hai. Alifariki tarehe 6 Julai 1533, isipate kutimia miezi kumi tangu chapa ile kutoka.

Kwa vijana wetu twasema hivi: chezeni, na someni hadithi zenu kwa furaha. Mkiona bunduki haifai katika nchi ya mashujaa, mmeona vema. Lakini mchezo ukiisha, walioanguka huamka wakaanza upya. Watu wa Ravenna hawakuamka, na silaha iliyowaua ingali juu ya nchi.