Midomo ya Satchmo

Sisi watu wa pwani hatukuanza jana kupuliza shaba. Siwa ya Lamu ni ya shaba, na babu zetu walishindana kwa tarumbeta katika ngoma za beni. Lakini hapa Garissa, ninapowafunza vijana wachache chombo hicho, naona kina maadui wawili: hewa kavu na pupa. Joto hupita digrii 35, midomo hukauka, na kijana akishaishika tarumbeta hutaka papo hapo kupiga sauti ya juu. Ndipo huwasimulia maisha ya marehemu Louis Armstrong.

Bwana huyu alizaliwa New Orleans, Marekani, tarehe 4 Agosti 1901, katika ufukara mkubwa. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola barabarani, akakamatwa na kupelekwa katika nyumba ya kurekebishia watoto. Huko mwalimu Peter Davis alimtia katika bendi na kumfunza koneti. Mwaka 1922 aliitwa Chicago na mlezi wake wa muziki, Joe Oliver, na haikupita miaka kumi sahani zake za santuri zikawa zimevuka bahari.

Sifa ikamponza. Watu walitaka sauti za juu, naye akawapa usiku baada ya usiku, akikikandamiza kipande cha kupulizia midomoni bila kujihurumia. Midomo ikapasuka, ikatoka damu, ikaota makovu. Alipokuwa Ulaya mwaka 1934 ilimlazimu kuiweka tarumbeta chini kwa miezi kadhaa. Baadaye aliitunza midomo yake kwa mafuta maalumu, akaendelea kupiga, na mwaka 1960 alizuru Afrika, Kenya ikiwemo. Lakini makovu hayakumtoka. Mwaka 1982 maradhi ya kukatika msuli wa midomo ya wapiga tarumbeta yaliandikwa katika jarida la tiba kwa jina lake la utani, Satchmo.

Basi wanafunzi wangu hunywa maji kwanza. Husimama wima, mabega chini, wakavuta pumzi taratibu mpaka mbavu na kiuno vitanuke, kisha huitoa polepole kwa hesabu ya nane. Halafu huitetemesha midomo mitupu, kisha kwa kile kipande cha kupulizia pekee, ndipo waanze noti ndefu za chini, kwa sauti ndogo. Sauti ya juu huja mwisho, nayo hubebwa na pumzi, si kwa kukandamiza. Kila wanapopiga, hupumzika kwa muda uo huo. Mwezi wa Ramadhani tunangoja baada ya futari, maana midomo mikavu huchanika upesi.

Armstrong alifariki New York tarehe 6 Julai 1971. Miezi michache kabla yake alikuwa bado jukwaani, daktari amekwisha kumwonya. Kipaji chake sijakiona kwa kijana yeyote hapa, lakini midomo yao ni ya nyama kama yake.