Marian Smoluchowski: Msomi Aliyezihesabu Chembe

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Katika uwanja wa sayansi, msomi aliyepima jinsi haba zinavyokutana na kuwa kubwa ni Marian Smoluchowski. Mpolandi huyu alizaliwa tarehe 28 Mei 1872 karibu na Vienna, wakati ambapo nchi ya wazazi wake ilikuwa imegawanywa na madola matatu.

Baada ya kusomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Vienna, alijiendeleza Paris, Glasgow na Berlin. Kuanzia mwaka wa 1900 alikuwa profesa mjini Lwów, ambao leo ni Lviv nchini Ukraini. Aidha, alikuwa mkwea milima hodari aliyeandamana na nduguye Tadeusz katika vilele vya Alps.

Fumbo lililomshughulisha lilikuwa mtukutiko usiokoma wa chembe ndogo zinazoelea majini. Alikwisha kulifumbua, ila alisita kuchapisha akisubiri uthibitisho wa majaribio. Mwaka wa 1905 Albert Einstein akamtangulia. Smoluchowski alichapisha yake mwaka wa 1906, akiwa amefikia ukweli uleule kwa njia tofauti.

Hakuvunjika moyo. Mwaka wa 1916, vita vikirindima Ulaya, aligeukia swali la mwanakemia Richard Zsigmondy kuhusu chembe za dhahabu majini: je, hugandamana kwa kasi gani? Smoluchowski alichukulia kwamba kila chembe hutangatanga na chembe mbili zikigusana hunatana. Kutokana na hayo alipata mlinganyo sahili. Ikiwa idadi ya chembe hupungua kuwa nusu baada ya muda fulani, basi muda huo ukipita mara mbili hubakia thuluthi, na ukipita mara tatu hubakia robo. Kadiri idadi inavyopungua, ndivyo ukubwa wa chembe unavyoongezeka.

Mwaka wa 1917 alichaguliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Jagiellonia mjini Kraków, alikofundisha tangu 1913. Hakukikalia kiti hicho. Ugonjwa wa kuhara damu ulimuua tarehe 5 Septemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 45. Zsigmondy alituzwa Nobel ya mwaka wa 1925, nao Jean Perrin na Theodor Svedberg wakatuzwa mwaka wa 1926, wote kwa kazi zilizohusu chembe hizo. Yeye alikuwa kaburini.

Hata hivyo, mlinganyo wake haukuzikwa naye. Rangi za maji na mpira wa viwandani hutengenezwa kwa kukuza chembe za polima ndani ya maji yenye sabuni. Sabuni ikipungua, chembe hunatana, na bidhaa huweza kuharibika. Wataalamu wanaokadiria ukubwa wa chembe hizo kwa hisabati hadi leo huanzia kwenye hesabu ya Smoluchowski. Waama, aliyepitwa katika kuchapisha na kunyimwa umri hakunyimwa urithi.