Harry Ferguson: alipigania gari la magurudumu manne, akafa kabla ya ushindi

Tarehe 23 Septemba 1961, gari la kipekee lilishinda mbio za Gold Cup katika uwanja wa Oulton Park, Uingereza. Barabara ilikuwa imelowa. Magari mengine ya Formula 1 yalisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ferguson P99, iliyoendeshwa na Stirling Moss, ilipeleka nguvu za injini kwenye magurudumu yote manne. Harry Ferguson, mwenye wazo hilo, alikuwa amefariki miezi kumi na moja kabla.

Ferguson alizaliwa mwaka 1884 katika familia ya wakulima karibu na Dromore, kaskazini mwa Ireland. Kazi ya shamba haikumvutia. Mwaka 1902 alimfuata kaka yake Belfast kutengeneza baiskeli na magari. Tarehe 31 Desemba 1909 aliruka kwa ndege aliyoiunda mwenyewe, akawa wa kwanza kuruka kwa ndege yenye injini nchini Ireland.

Umaarufu wake ulitokana na trekta. Zamani jembe lilikokotwa nyuma kama mkokoteni, na likikwama kwenye jiwe, trekta liliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Ferguson alibuni namna ya kulifunga jembe kwenye trekta kwa sehemu tatu, na namna hiyo inatumika hadi leo. Mwaka 1938 alikubaliana na Henry Ford kwa kupeana mikono tu. Makubaliano yalipovunjika alikwenda mahakamani, na mwaka 1952 kampuni ya Ford ikakubali kumlipa zaidi ya dola milioni 9.

Baada ya matrekta, aligeukia usalama barabarani. Hoja yake ilikuwa rahisi. Magurudumu mawili ya nyuma yakibeba kazi yote, dereva akikanyaga mafuta kwenye barabara yenye utelezi, yanazunguka bure na mkia wa gari unakimbilia pembeni. Nguvu zikigawanywa kwa manne, kila gurudumu linabeba kidogo na kushika barabara vizuri zaidi.

Alishirikiana na Tony Rolt, mshindi wa Le Mans mwaka 1953, na mhandisi Claude Hill. Lakini viwanda vikubwa vya magari havikulichukua wazo lao, kwa kuwa mfumo huo unaongeza uzito na gharama. Ndipo wakaunda gari la mashindano ili watu wajionee wenyewe. Ferguson alifariki tarehe 25 Oktoba 1960, akiwa na miaka 75.

Ushindi wa Oulton Park umebaki wa pekee kwa gari la aina hiyo katika Formula 1. Mwaka 1969 Lotus, Matra na McLaren walijaribu bila mafanikio. Matairi mapana na mabawa yanayokandamiza gari chini yalikuwa yameyapa magurudumu ya nyuma mshiko wa kutosha, na uzito wa ziada ukawa hasara tupu. Baadaye sheria ziliupiga marufuku mfumo huo.

Kwenye barabara za kawaida mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 1966 ilitoka Jensen FF, gari la kifahari lenye mfumo wa Ferguson, lakini yaliundwa 320 tu. Mwaka 1980 Audi Quattro ililifikisha wazo hilo kwa wanunuzi wengi. Leo hata Porsche 911 inauzwa kwa namna zote mbili. Wapenzi wa wepesi huchukua ya magurudumu ya nyuma. Wanaoendesha kwenye mvua na theluji huchukua ile ambayo Ferguson aliitetea hadi kifo chake.