Padre Alexis Kagame: Mlango wa Falsafa Umo Kinywani Mwetu

Miongoni mwa wanafikra wa kanda yetu ya Maziwa Makuu, marehemu Padre Alexis Kagame hutajwa sana, lakini husomwa na wachache. Alizaliwa Kiyanza, Rwanda, mwaka 1912, akapata upadre mwaka 1941, na akafariki Nairobi mwaka 1981. Kitabu chake kikuu, kihusucho falsafa ya kuwako, kilitolewa Brussels mwaka 1956 kutokana na tasnifu aliyoitetea Roma. Kimeandikwa kwa Kifaransa kizito, nacho kina zaidi ya kurasa 400. Kijana akifunguapo hukifunga upesi, akidhani kwamba falsafa si fungu lake.

Sisi twaona kwamba kijana huyo amekosea mlango tu. Kagame aliyagawa yote yaliyopo katika mafungu manne: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna ya kuwa. Maneno hayo ni ya Kinyarwanda, lakini Kirundi nacho kinayo. Mvuvi wa Rumonge aulizaye ni nani aliyevua, amevua nini, wapi, lini na kwa jinsi gani, amekwisha yapitia mafungu yote manne kabla mtumbwi haujafungwa gatini.

Baada ya hapo, msomaji na alitafute Indyohesha-birayi, utenzi wa mzaha wa mwaka 1949, ambamo Kagame alimsifu nguruwe kwa fahari waliyozoea kutungiwa ng'ombe. Humo atamzoea mwandishi akicheka. Ndipo akirudie kile kitabu kikubwa, ambacho kwa bahati njema kimetungwa kama mazungumzo ya watu wawili, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Kile cha mwaka 1976, kinacholinganisha lugha nyingi za Kibantu, na kingoje mwisho.

Hata hivyo, kusoma si kukubali yote. Paulin Hountondji wa Benin alipinga kwamba falsafa yaweza kufichwa katika lugha ya umma mzima. Kwake yeye, falsafa ni hoja za mtu anayezisimamia mwenyewe. Pingamizi hilo ni zito. Lakini Kagame aliandika wakati ambapo wengi wa Ulaya walimnyima Mwafrika hata uwezo wa kufikiri kwa kina, na jibu lake alilichota katika maneno ya mama zetu. Atakaye kuamua kati ya hao wawili, hana budi kwanza kuwasoma.