Habari za Johannes Rebmann, Aliyeiona Theluji ya Kilimanjaro



Kila mwaka, mwezi wa Desemba ukaribiapo mwisho, sharika zetu za Kinondoni na Temeke hupungua watu. Wenzetu wengi wa Machame, Marangu na Old Moshi hufunga mizigo yao wakaenda kuwaamkia wazee. Hupanda basi alfajiri, na kabla ya jua kutua wamekwisha kuuona mlima wao. Safari hiyo ya mchana mmoja imetukumbusha habari za mtu aliyeiendea nchi hiyo hiyo kwa miguu, akitokea upande wa Mombasa, majuma mawili njiani. Akauona mlima, akarudi, akaandika alichokiona. Na wenye elimu wa Ulaya wakamjibu kwamba hakukiona. Jina lake ni Johannes Rebmann. Wengi wetu tulilisikia shuleni pamoja na tarehe moja, basi, tukaishia hapo.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, katika nyumba ya wakulima Walutheri. Alisoma katika chuo cha misioni cha Basel, kisha London, akaajiriwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS. Msistaajabu kwamba Mlutheri alitumwa na Waanglikana. Siku zile chama kile kilipungukiwa na watu wa kwenda mbali, na vijana wa Württemberg walikuwa tayari kwenda.

Mwezi wa Juni 1846 alishuka Mombasa. Huko alimkuta Ludwig Krapf, mtu wa nchi yake, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa amemzika mkewe na mtoto wake mchanga. Mwezi wa Agosti wakapanda Rabai kuanza kazi, wote wawili wakiwa na homa, hata kupanda kile kilima kidogo kulikuwa kazi kubwa kwao. Tena kule Rabai si kujua: watu waliwapokea kwa adabu, wakawasikiliza kwa adabu, wakarudi mashambani kwao.

Basi wakaazimu kutazama barani. Misafara ya waenda pembe ilileta habari za nchi ya Wachagga na za mlima mrefu usiopandika. Liwali wa Mombasa alimwonya Rebmann asithubutu kuupanda, kwa kuwa umejaa majini. Waliojaribu kuupanda waliuawa nao, na bunduki zikakataa kulia. Ndugu, tusiwacheke wazee wale. Leo twajua kwamba kileleni, mita 5,895 juu ya bahari, hewa ni kama nusu tu ya hii tuivutayo pwani. Kichwa huuma, tumbo hukataa chakula, na mtu mwenye nguvu huketi chini kama mtoto. Asiyejua sababu ya mambo hayo angesema nini kama si majini?

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann alitoka Rabai pamoja na wachukuzi wachache na kiongozi wao Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeijua njia ya Uchagga. Yeye mwenyewe mkononi alikuwa na mwavuli tu. Walipita nyika ya miiba isiyo na maji, wakafika milima ya Taita, wakashuka tena katika mbuga tupu yenye wanyama wakali, ambako kila msafiri alihofia kukutana na Wamasai.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei, milima ya Uchagga ilipoanza kujitenga na ukungu, aliona juu ya mmoja kitu cheupe sana kama wingu. Akamwuliza Bwana Kheri ni kitu gani. Yule akamjibu kwamba ni baridi. Hakuwa na neno lingine, naye alikuwa mtu wa pwani kama tulivyo sisi. Hata leo katika joto la Temeke watoto wetu waijua barafu ya kununua katika kifuko. Theluji inayoshuka kutoka mbinguni na kulala juu ya nchi hawajaiona. Lakini mtoto wa Gerlingen aliyecheza ndani yake kila kipupwe aliitambua mara moja. Alikaa chini kupumzika, akafungua Biblia yake, akasoma Zaburi ya 111.

Theluji ile ilikuwa nyingi kuliko ile waionayo wenzetu siku hizi. Tangu mwaka 1912 zaidi ya sehemu nane katika kumi za barafu ya mlima zimekwisha kupotea.

Huko Kilema Mangi Masaki alimpokea vema, akavikwa kidoleni ukanda wa ngozi ya mbuzi uitwao kishongo kuwa alama ya urafiki. Naye akapata kujua jambo ambalo watu wa pwani hawakulijua: Wachagga wenyewe hawakuwa na shaka yo yote juu ya kile kitu cheupe. Walikiita Kibo, na walijua kwamba kikitiwa motoni huwa maji. Tena zamani Rungua, baba yake Mangi Mamkinga wa Machame, alituma kundi la watu wapande wakakichunguze. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika kwa baridi, akasimulia. Hao hawakuwa na viatu wala nguo za sufu. Wakati wa Wazungu kusifiwa kwa kupanda mlima ule, tungependa na wao wakumbukwe.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Rebmann akarudi, akafika hata Machame. Safari hii alilala karibu na shina la mlima, akautazama usiku kwa mwanga hafifu wa mwezi, na theluji ikaonekana. Aliandika kwamba vilele ni viwili, kimoja cha mviringo na kimoja chenye ncha nyingi, na kati yao pana mahali kama tandiko la punda. Akaihesabu mito itokayo mlimani, iliyovukwa na msafara mmoja baada ya mwingine, maji yake ya baridi kali. Haya si maneno ya mtu aliyeota. Apandaye leo kwa njia ya Marangu hulipita tandiko lile lile kati ya Kibo na Mawenzi.

Safari ya tatu ilianza Aprili 1849, nayo ilimvunja moyo. Alitaka kupita Uchagga aendelee mpaka Unyamwezi, akachukua watu 30 na mali ya kutosha. Masika yalikuwa makali. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga, aliyempokea kwa wema mara ya kwanza, alimdai kitu hiki leo na kile kesho, hata mali yote ya safari ikaisha. Rebmann akalia machozi. Alipoulizwa sababu akaeleza kwamba halilii vitu. Anakumbuka kwamba vilitolewa na watu wema wa kwao ili Neno la Mungu lifike kwa Waafrika wote. Akarudi Rabai mgonjwa wa homa na kuhara damu, wala hakuiona tena nchi ya Wachagga maisha yake yote. Ilipita miaka 44. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walipoingia Uchagga, mahali pao pa kwanza pa kazi palikuwa Machame.

Mwaka huo wa 1849 habari zake zilichapwa London katika gazeti la CMS. Hapo ndipo fitina ilipoanza. Bwana mmoja msomi, William Desborough Cooley, aliyekuwa na vitabu vingi vya habari za Afrika asije Afrika hata siku moja, alikana. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1852 alisema theluji ile ni mawazo matupu ya msafiri. Wengine wakadhani ni mawe meupe yang'aayo juani. Wala haikuwa kwamba elimu ya wakati ule ilikataza theluji penye ikweta: walijua habari za Himalaya, na walijua kwamba mlima Chimborazo katika Amerika ya Kusini, karibu kabisa na ikweta, una theluji. Lililokataliwa ni shahidi. Krapf naye aliiona theluji ya Kilimanjaro mwezi wa Novemba 1849, na tarehe 3 Desemba akauona mlima Kenya. Hata hivyo wawili hawakutosha.

Sisi tulio wachungaji, ambao kazi yetu yote ni kushuhudia, twaisoma habari hii kwa uchungu. Rebmann angeweza kurudi Ulaya kujitetea mbele ya mabwana wale. Hakwenda. Mwaka 1851 alimwoa Emma Kent, mjane aliyekuwa akifanya kazi Misri, akamleta Rabai. Mtoto wao mmoja alikufa akiwa mchanga. Krapf akaondoka mwaka 1853 kwa ugonjwa. Mwaka 1856 ilitokea ramani waliyoitengeneza Rebmann na mwenzake Erhardt kwa habari za watu wa misafara. Ina ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na nyumba. Ilichekwa. Lakini ndiyo iliyowavuta Burton na Speke kuja kutafuta, wakaona kwamba maziwa ni mengi. Burton alifika Rabai mwaka 1857, akataka amchukue Rebmann awe mwenzi wake. Rebmann hakwenda naye.

Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alipanda Kilimanjaro kidogo pamoja na Thornton, mjuzi wa mawe. Mwaka 1862 akapanda tena pamoja na Kersten, akafika kama mita 4,300, theluji ikawaangukia. Basi ikawa kweli! Cooley aliendelea kubisha hata hivyo. Kilele chenyewe kilifikiwa tarehe 6 Oktoba 1889 na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, wakisaidiwa na viongozi na wachukuzi Waafrika. Wakati huo Rebmann alikuwa kaburini miaka 13.

Yeye alikuwa Rabai, isipokuwa miaka miwili hivi alipokimbilia Unguja kwa sababu ya mashambulio ya Wamasai. Waliobatizwa katika miaka ile yote walikuwa wachache mno. Alikusanya maneno: ya Kinyika, ya Kiswahili, na ya Kinyasa aliyofundishwa na mtumwa mmoja aitwaye Salimini, aliyeletwa pwani kutoka kwao mbali. Mwaka 1866 Emma akafa. Mumewe akabaki peke yake na karatasi zake, na macho yake yakaanza kufifia. Sir Bartle Frere alipomtembelea mwaka 1873 alimkuta karibu kipofu. Macho ambayo London iliyakataa yalikuwa yamekwisha, naye bado aliendelea na kamusi yake, wengine wakimsomea.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29 asiyorudi kwao hata mara moja, aliondoka. Aliyemshika mkono kupanda meli, na kumwongoza njia yote mpaka Ujerumani, alikuwa Mkristo kijana wa Rabai, jina lake Isaac Nyondo. Waganga wakampasua jicho, bila faida. Akakaa Korntal, karibu na Krapf rafiki yake, akaoa tena, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Mwaka huo huo Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapwa, nayo hakuweza kuisoma kwa macho yake. Krapf aliitoa ile kamusi ya Kinyasa mwaka uliofuata. Isaac Nyondo alirudi kwao pwani.