Kimathi wa Tetu: Alinyongwa kwa bastola katika vita ambavyo serikali haikutaka kuviita vita

Ni mara ngapi umemwambia mtu mkutane pale kwa Kimathi, katikati ya jiji la Nairobi? Sanamu imesimama, nywele zimesokotana, bunduki mkono mmoja, jambia mkono wa pili. Watu wanapiga selfi, wengine wanangoja marafiki waliochelewa, kisha kila mtu anashika njia yake.

Lakini kuna jambo ambalo huenda hukuambiwa shuleni. Yule jamaa hakunyongwa kwa kosa la kuua. Kwenye karatasi za mahakama, alinyongwa kwa kupatikana na bastola na risasi. Basi! Sanamu yake imeshika silaha, na silaha ndiyo iliyompeleka kitanzini.

Kuelewa ilikuwaje, twende Nyeri, kisha tushike barabara ya Tetu, kule ambako mashamba ya chai yanapanda hadi ukingoni mwa msitu wa Nyandarua.

Dedan Kimathi alizaliwa huko Tetu, kijiji cha Thenge, mwezi wa Oktoba 1920. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, kwa hivyo alilelewa na mama, Waibuthi. Alisoma Karuna-ini, halafu shule ya misheni ya Tumutumu. Kalamu aliipenda, na Kiingereza alikimudu. Lakini karo ilimsumbua na masomo hayakufika mbali. Akawa kijana kama wengi unaowajua wewe: leo kibarua hiki, kesho kile. Alifundisha shule, akawa karani, akafika Ol Kalou na kuingia katika siasa za chama cha KAU. Kule kwenye mashamba ya walowezi alijionea watu wake wakiishi kwa ruhusa ya mwenye shamba, kwenye nchi waliyoiita yao.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Tia alama kwenye maneno hayo: hali ya hatari. Hakusema vita. Kimathi na wenzake wakaingia msituni. Wao walijiita jeshi la ardhi na uhuru. Serikali iliwaita magaidi na majambazi.

Msituni Kimathi hakuwa mtu wa bunduki tu. Mwaka 1953 alisaidia kuunda baraza la ulinzi la wapiganaji, na mwaka 1954 wakaunda kile walichokiita Bunge la Kenya, yeye akiwa Waziri Mkuu. Aliandika barua, aliweka kumbukumbu za mikutano, alitaka orodha za wapiganaji. Kwenye baridi ile, chini ya mianzi, mtu anahangaika na makaratasi! Alitaka dunia ijue kwamba kule kuna jeshi lenye uongozi, si genge la wezi wa ng'ombe. Hata hivyo, tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa mkali, aliwaadhibu hata wapiganaji wake, na aligombana na viongozi wenzake, akiwemo Stanley Mathenge, mpaka wakagawanyika.

Huku nje, serikali ilikuwa ikifanya kila kitu kinachofanywa vitani. Ndege zilidondosha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Zaidi ya watu milioni moja walitolewa makwao na kusongamanishwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ulinzi. Maelfu kwa maelfu walifungiwa kambini bila kesi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Mwezi Juni 1953, kule Chuka, wanajeshi wa King's African Rifles waliua wanakijiji wapatao 20 ambao hawakuwa na hatia yoyote.

Sasa utauliza, kwani hakukuwa na sheria? Ilikuwepo.

Mwaka 1949, huko Geneva, Uswisi, mataifa yalikubaliana juu ya mikataba minne ya vita. Dunia ilikuwa imetoka tu kwenye Vita Vikuu vya Pili na ilikuwa imechoka kuzika. Kila mmoja wa mikataba hiyo ulikuwa na Kifungu cha 3 kinachofanana, na kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya vita vya ndani ya nchi, ambavyo serikali hupenda kuviita kwa majina mengine. Kinasema mambo ya kawaida kabisa. Mtu asiyepigana asiguswe. Mpiganaji aliyeweka silaha chini, aliyejeruhiwa au aliyekamatwa atendewe kama binadamu. Hakuna kutesa, hakuna kudhalilisha, hakuna kuchukua mateka. Mtu asiuawe bila hukumu ya mahakama halali inayompa haki zake. Majeruhi watibiwe.

Kifungu hicho hakiulizi nani alianza. Hakiulizi nani ana haki na ardhi ile. Na kinaongeza wazi kwamba kukifuata hakumpi mwasi cheo chochote. Kwa hivyo serikali isingepoteza kitu kwa kukifuata. Ila Uingereza, ingawa ilikuwa imetia sahihi, ilikuwa bado haijaidhinisha mikataba hiyo, na kwa macho yake Kenya hakukuwa na vita.

Lakini usidhani sheria hii inamtazama mkoloni peke yake. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, kule Lari, wapiganaji wa Mau Mau walivamia nyumba za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali. Zaidi ya watu 70 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto, wengine wakiteketea ndani ya nyumba zao. Baada ya hapo vikosi vya serikali vikalipiza kisasi na kuua wengine wengi. Mtoto aliyeungua Lari hakuwa mpiganaji. Aliyepigwa risasi wakati wa kulipiza, akiwa ameshakamatwa, hakuwa hatari tena kwa mtu. Ukimlilia mmoja na kumnyamazia mwingine, hapo wewe unashabikia timu tu.

Turudi Tetu. Kufikia mwaka 1956, msitu ulikuwa umekauka watu. Ofisa wa polisi Ian Henderson alikuwa akiwatumia wapiganaji waliogeuzwa kumsaka kiongozi wao wa zamani. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba, miaka minne na siku moja tangu tangazo la hali ya hatari, Kimathi alitoka msituni upande wa Ihithe, kijiji hicho hicho alikozaliwa Wangari Maathai. Alikuwa na njaa, amechoka, amevaa koti la ngozi ya chui. Ndirangu Mau, askari wa kabila aliyekuwa zamu, alimpiga risasi ya mguu. Zilibaki siku 10 atimize miaka 36, karibu kabisa na pale alipozaliwa.

Alipelekwa hospitali, Nyeri, akatibiwa. Hilo lilifanyika. Lakini pia alipigwa picha akiwa amelala, pingu mikononi, na picha ikasambazwa kwa vipeperushi ili watu waone shujaa wao alivyoanguka. Mkataba wa Geneva kuhusu wafungwa wa vita unakataza kabisa kumfanya mfungwa maonyesho. Wewe unayo simu. Ukiletewa kwenye grupu la WhatsApp video ya mtu aliyekamatwa Sudan au karibu na Goma, amepigishwa magoti, anatukanwa, ukaisukuma mbele na emoji ya kicheko, ujue umebeba kipeperushi kile kile.

Kesi ilisikilizwa Nyeri mwezi Novemba mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu wa baraza. Shtaka lilikuwa silaha. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kupatikana na bunduki kulitosha kukuua. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Mahakama haikumwamini. Tarehe 27 Novemba alihukumiwa kifo, na rufaa zake zikagonga mwamba.

Hapa ndipo jina la vita lilipokuwa na uzito wa roho ya mtu. Katika vita kati ya nchi na nchi, askari aliyekamatwa hawezi kunyongwa kwa sababu tu alibeba bunduki. Si kazi yake hiyo? Anazuiliwa hadi vita viishe, na akishtakiwa, ashtakiwe kwa uhalifu wa kivita. Lakini penye hali ya hatari hakuna askari upande wa pili. Kuna wahalifu tu, na bunduki yenyewe ndiyo kosa. Tusijidanganye: hata Kifungu cha 3 hakingemfanya Kimathi mfungwa wa vita, wala hakikatazi kunyonga baada ya kesi ya haki. Kingedai tu kesi iwe ya haki kweli.

Na kumbe kusamehe kuliwezekana. Mwaka 1954, Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mlima Kenya, alikamatwa akiwa na majeraha, akahukumiwa kifo huko huko Nyeri. Alipokubali kusaidia mazungumzo ya kuwatoa wenzake msituni, maisha yake yaliachwa. Akaishi kuuona uhuru. Kimathi yeye hakuona.

Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 katika gereza la Kamiti. Miezi saba baadaye, Septemba 1957, Uingereza ikaidhinisha Mikataba ya Geneva.

Sheria nayo ilizidi kusogea. Mwaka 1977, itifaki mpya iliongezwa kwenye mikataba ile, ikisema kwamba watu wanaopigana na utawala wa kikoloni wako katika vita vya kimataifa. Ilikuwa miaka 20 baada ya Kamiti. Kenya huru yenyewe iliendelea kuiita Mau Mau kundi haramu hadi mwaka 2003. Sanamu unayoijua ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Mwaka 2013, baada ya wazee waliotesewa kambini kuishtaki London, Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa waathiriwa 5,228 pauni milioni 19.9.

Jambo moja halijalipwa. Sheria za vita zinataka anayekufa mikononi mwa adui azikwe kwa heshima, na kaburi liwekwe alama ili watu wake walipate. Kimathi alizikwa Kamiti bila alama. Mke wake, Mukami, ambaye naye alifungwa enzi hizo, aliomba mifupa ya mumewe kwa serikali moja baada ya nyingine. Alifariki Mei 2023, akazikwa Njabini, Nyandarua, bila kuipata.

Kwa hivyo siku ukipanga kukutana na mtu pale kwa Kimathi, na mwenzako akachelewa kama kawaida, zunguka ile sanamu taratibu uitazame vizuri. Jiji lina barabara yenye jina lake, Nyeri ina chuo kikuu chenye jina lake. Kaburi ndilo ambalo familia yake bado inalitafuta.