Faraday: Mtoto wa mhunzi aliyeacha jina kwenye kapasita

Ile F kwenye kapasita ya feni yako inatokana na Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1791. Shule alipita juujuu, hesabu zikampiga chenga maisha yote. Sayansi aliichota kwenye vitabu alivyokuwa akijalidi dukani London.

Wasomi wengi walishikilia kuwa chaji huvutana kwa mbali tu, kilichopo katikati hakihusiki. Faraday akabisha. Mwaka 1837 aliweka tufe la shaba ndani ya jingine, akatia salfa palipokuwa na hewa. Chaji iliyobebwa ikaongezeka. Kumbe katikati ndiko mambo yaliko!

Bila hesabu, wengi hawakumwelewa. Aliyekuja kumwandikia ni James Clerk Maxwell, kijana aliyezaliwa miaka 40 baada yake. Faraday alifariki mwaka 1867.